Gari Lako Litiwe Oili Gani Hapa Malindi: Sintetiki au ya Kawaida?

Ukiingia duka la vipuri hapa Malindi ukaulizia oili ya lita 4, huenda ukawekewa galoni mbili mezani zenye nambari zile zile ubavuni, lakini bei ya moja ni mara mbili au zaidi ya bei ya mwenzake. Hiyo ya ghali ni sintetiki. Muuzaji ataisifu. Fundi uliyemwacha gereji ameshakwambia ya kawaida yatosha, na kwamba magari yametembea nayo tangu enzi za baba yake. Shemeji yako wa Mombasa naye anaapa kuwa tangu ahamie sintetiki injini yake imetulia. Wote watatu huenda wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anazungumzia gari lake na njia anazopita.

Makala hii ni ya mtu aliyesimama hapo mezani, pesa mkononi, asijue ashike ipi. Nitaanza na mambo ya kupimia, kisha nizipime oili zote mbili kwa mambo hayo hayo, halafu tuangalie gari la nani linafaa nini.

Tofauti yenyewe

Oili yoyote ya injini ina sehemu mbili: mafuta ya msingi, na viungo vinavyochanganywa ndani yake ili kuosha masizi, kuzuia kutu, kupunguza makali ya asidi na kukinga vyuma visisagane. Viungo hivyo vimo katika galoni zote mbili. Tofauti kubwa iko katika mafuta ya msingi.

Ya kawaida husafishwa kutoka mafuta ghafi, na chembe zake hubaki za ukubwa na maumbo mbalimbali, pamoja na nta na salfa kidogo. Chembe za sintetiki zimeundwa kiwandani, au zimevunjwa na kupangwa upya, mpaka zikalingana. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, huyagawa mafuta ya msingi katika makundi 5. Oili ya kawaida hutoka kundi la 1 na la 2. Kundi la 4 ni sintetiki iliyojengwa kiwandani tangu mwanzo. Kundi la 3 ni mafuta ghafi yaliyochakatwa kwa haidrojeni na shinikizo kubwa mpaka yakaikaribia sintetiki hiyo kwa tabia. Mwaka 1999 mzozo wa matangazo kati ya Mobil na Castrol huko Marekani uliamuliwa kwa namna iliyofungua njia ya kundi la 3 kuuzwa kwa jina la sintetiki, na galoni nyingi za sintetiki zilizoko madukani leo ni za kundi hilo. Zinafanya kazi vizuri. Nimelitaja hili ili ujue kwamba neno “sintetiki” pekee halielezi kila kitu, na mambo mengine yaliyoandikwa kwenye galoni yana uzito wake.

Mambo sita ya kupimia

La kwanza ni joto: oili inavumiliaje injini inapochemka? La pili ni uchafu, yaani vumbi, masizi na safari fupi fupi za mjini. La tatu ni muda ambao oili inaweza kukaa injinini kabla ya kumwagwa. La nne ni gharama, nayo ipimwe kwa mwaka mzima, kwa maana bei ya galoni moja hudanganya. La tano ni injini yenyewe: umri wake, kama ina tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), kama inakula oili. La sita ni kama oili hiyo unaweza kuipata hapa, tena ile halisi.

Lakini gredi kwanza

Kabla ya kuchagua aina, hakikisha gredi, yaani zile nambari za wepesi au uzito wa oili. Kosa la gredi huumiza injini kuliko kosa la aina, na ndilo ninaloliona zaidi mjini hapa.

Chukua 5W-30. Nambari ya mwisho hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, ambalo liko karibu na joto lake gari likiwa safarini. Kwa hiyo 5W-30 ya kawaida na 5W-30 ya sintetiki, zikishapata moto, hukaribiana kwa uzito. Nambari ya kwanza, ile yenye W, hupimwa katika baridi kali ya chini ya sifuri ambayo Malindi haiijui. Hata hivyo usiidharau, maana oili yenye nambari ndogo hupanda haraka kwenye vali unapowasha gari asubuhi, na injini husagika sana katika dakika hizo za kwanza.

Kuna imani iliyoota mizizi Pwani kwamba huku kuna joto, basi tia oili nzito, 20W-50, gari lolote liwalo. Probox, Fielder na Vitz nyingi zina injini za NZ zenye VVT-i, mfumo unaorekebisha wakati wa vali kufunguka. Mfumo huo husukumwa na oili inayopita kwenye vijitundu vyembamba na kichujio kidogo cha waya. Injini hizo zimetengenezewa oili nyepesi, kwa kawaida 5W-30. Ukiitia nzito kupita kiasi, inachelewa kufika juu, gari linakuwa zito na petroli inaenda bure. Nusu ya mabishano kuhusu sintetiki huisha pale mtu anaposoma kitabu cha gari au kifuniko cha kumiminia oili, maana mara nyingi gredi imeandikwa hapo hapo juu yake.

Soma pia herufi za API. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Herufi ya pili ikisonga mbele katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi: SN ilianza 2010, SP ikaja 2020. Galoni iliyoandikwa SF imefuata kiwango cha injini za miaka ya 1980, na haifai gari lililoteremshwa Kilindini juzi, hata muuzaji akikupunguzia vipi.

Oili ya kawaida

*Joto.* Inavumilia, ila huchoka mapema. Mafuta ya kukaangia bhajia yanayorudiwa moto kila jioni hugeuka meusi na mazito, na oili ya injini nayo huharibika hivyo: hewa na joto huivunja. Wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila joto la oili linapopanda nyuzi 10, kasi ya kuharibika huongezeka karibu mara mbili. Kwa injini isiyo na tabo, inayotembea kwa mwendo wa kiasi, hilo si tatizo ukibadilisha kwa wakati. Oili ya kawaida pia huvukiza zaidi, kwa hiyo ukienda Mombasa na kurudi mara kwa mara utakuta kipimo kwenye kijiti kimeshuka kidogo.

Kuhusu joto la Malindi lenyewe, halina nguvu kama watu wanavyodhani. Thermostati ndiyo inayoshikilia joto la injini, na injini isiyo na hitilafu huendesha maji yake karibu na nyuzi 80 hadi 90 iwe ni kaskazi au kusi. Linaloharibu ni ile tabia ya kuing'oa thermostati eti gari lisichemshe. Injini isiyo nayo hukaa baridi muda mrefu, petroli isiyoungua na unyevu vikaingia kwenye oili, na tope jeusi likajengeka. Ukinunua gari lililokwisha kukaa Pwani, muulize fundi kama thermostati bado iko. Kama haiko, irudishe kabla ya kufikiria oili ya bei kubwa.

*Uchafu.* Hapa ya kawaida ina sifa isiyosemwa sana: kwa kuwa humwagwa mara kwa mara, uchafu nao hutoka mara kwa mara. Gari linalopita njia za vumbi upande wa Marafa au Chakama huvuta mchanga laini, na hakuna oili, ya kawaida wala sintetiki, inayoweza kuugeuza mchanga kuwa kitu kingine. Kinachouzuia ni filta ya hewa. Ukiingia kwenye oili, dawa yake ni kumwaga na kubadilisha filta.

Fundi akifungua nati ya chini, usikae pembeni ukichezea simu. Sogea. Oili ya gari lililotunzwa hutoka nyeusi au kahawia lakini inateremka laini kama uzi. Weusi wake si ubaya, maana ni masizi yaliyobebwa na viungo vya kuoshea. Kwenye dizeli huwa nyeusi siku hiyo hiyo ya kubadilishwa. Chukua tone, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chengachenga, kuna mchanga au chuma. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo suala si oili tena, ni gasketi. Kisha fungua kifuniko cha juu, kile cha kumiminia, utazame chini yake na ndani kwa tochi. Vyuma vyenye rangi ya asali ni dalili njema. Tope zito lililoganda ni dalili kwamba mwenye gari wa kwanza alikuwa akipitiliza.

*Muda.* Kilomita 5,000 ndiyo desturi ya mafundi wetu, na kwa oili ya kawaida naiunga mkono. Kama gari halitembei sana, miezi 6 ikifika oili ibadilishwe, hata kilomita zikiwa hazijatimia.

*Gharama.* Ununuzi ni nafuu, lakini unaurudia. Hesabu iko chini.

*Injini.* Inafaa injini za zamani zilizotengenezewa 15W-40 au 20W-50, pikapu za kazi na dizeli kongwe zisizo na tabo, pamoja na injini yoyote iliyoanza kula oili.

*Upatikanaji.* Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Vituo vya petroli vinayo, maduka ya vipuri yanayo, na hata ukipungukiwa ukiwa Gongoni au Garsen utapata ya kuongezea.

Sintetiki

*Joto.* Hapa ndipo ilipo faida yake ya kweli. Chembe zinazolingana hazivunjiki upesi na hazivukizi kwa wingi. Kuna kipimo ambapo oili huwekwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja; viwango vya sasa vya oili za petroli haviruhusu ipoteze zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake, na sintetiki nzuri hukaa chini ya hapo kwa umbali wa kutosha. Tofauti hii huonekana zaidi kwenye tabo. Mhimili wa tabo huzunguka kwa kasi ya kutisha ukilainishwa na oili hiyo hiyo, na ukizima gari ghafla baada ya mwendo mkali, oili iliyobaki pale huungua ikaacha kaa gumu. Sintetiki huacha kaa kidogo kuliko ya kawaida. Hata ukiwa nayo, acha injini ingurume dakika moja kabla ya kuizima.

*Uchafu.* Huzuia tope kuliko ya kawaida, jambo la maana kwa gari la mjini linalotoka Shela hadi sokoni na kurudi, likisimama kila kona nyuma ya tuktuk, injini ikiwaka bila kutembea. Ila kwa vumbi haina ulinzi wa ziada, na hapa ndipo wengi wanapoumia: mtu anatia sintetiki, anaambiwa inaenda kilomita 10,000, anapita njia za mchanga kwa kilomita zote hizo na filta ya hewa ile ile. Oili bado ina uhai, lakini imejaa mchanga.

*Muda.* Toyota, kwa magari ya soko la Japani ya petroli yasiyo na tabo, huelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na nusu ya hapo, yaani 7,500 au miezi 6, kwa matumizi magumu. Matumizi magumu ni vumbi, mizigo, safari fupi na foleni, ambayo kwetu ni maisha ya kila siku. Kwa hiyo, kwa sintetiki halisi kwenye lami ya Malindi na Mombasa, 10,000 ni mwendo wa busara. Ukiwa mtu wa njia za vumbi, ishia 7,500. Kwa injini ya petroli yenye tabo, Toyota hiyo hiyo hushusha hadi 5,000 au miezi 6, basi usidhani sintetiki inakupa ruhusa ya kupitiliza huko.

*Gharama.* Inauma siku ya kununua. Kama inakulipa baadaye au la, inategemea jambo moja tu, nalo nitalieleza sasa hivi.

*Injini.* Magari mapya, yenye tabo na ya haibridi kama Aqua. Mengi ya hayo yanataka 0W-20, na gredi hiyo kwa kweli ni ya sintetiki. Huna cha kuchagua. Dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi zinataka oili maalumu isiyoacha majivu mengi. Soma kitabu, usikisie.

*Upatikanaji.* Mjini Malindi ipo. Ukielekea Witu au ndani zaidi, usitegemee kuikuta dukani. Beba lita moja ya akiba kwenye buti. Pia, kwa kuwa bei yake ni kubwa, ndiyo inayovutia waghushi. Nunua kituo cha petroli au duka linalotoa risiti, kagua ringi ya mfuniko kama haijakatwa, alama ya KEBS na nambari za toleo, na ukishamimina, toboa galoni tupu kwa bisibisi kabla ya kuitupa, ili mtu asiijaze oili chafu akamuuzia mwingine.

Hesabu ya mwaka

Bei hubadilika, kwa hiyo chukua hizi kama mfano tu, kisha weka za dukani kwako. Tuseme galoni ya kawaida ni shilingi 2,800 na ya sintetiki ni 6,000. Filta 600, fundi 400. Kila sevisi basi ni 3,800 kwa ya kawaida na 7,000 kwa sintetiki.

Gari la biashara linalokimbia kilomita 40,000 kwa mwaka: ya kawaida kila 5,000 ni sevisi 8, jumla 30,400. Sintetiki kila 10,000 ni sevisi 4, jumla 28,000. Sintetiki imekuwa nafuu, na umeokoa nusu siku 4 ambazo gari lingekuwa limeinuliwa badala ya kubeba abiria.

Sasa gari hilo hilo, mwenyewe ametia sintetiki lakini kwa mazoea anaimwaga kila 5,000: sevisi 8 kwa 7,000, jumla 56,000. Karibu mara mbili ya ya kawaida, na injini haitapata faida ya kulingana na pesa hizo. Watu wengi wako hapa. Wamelipia umbali, kisha wakaumwaga shimoni.

Gari la nyumbani la kilomita 6,000 kwa mwaka: ya kawaida kila miezi 6 ni 7,600. Sintetiki mara moja kwa mwaka ni 7,000, ikiwa kitabu kinakubali mwaka mzima. Tofauti ni ndogo mno, na hapo amua kwa mambo mengine.

Halafu kuna injini inayokula oili. Ikimeza lita 1 kila kilomita 1,000, katika kilomita 40,000 utaongeza lita 40. Kwa shilingi 700 kwa lita ya kawaida ni 28,000. Kwa 1,500 ya sintetiki ni 60,000. Mzee mmoja mwenye Hiace alimwambia muuzaji mbele yangu, “Mwanangu, nipe hiyo ya ghali, gari langu linatoa moshi wa buluu, huenda likapona.” Muuzaji yule, Mungu ambariki, alimjibu, “Babu, hiyo ni ringi za pistoni. Chukua ya kawaida, pesa inayobaki mpe fundi.” Huo ndio ushauri ninaotamani kila duka lingetoa.

Nusu-sintetiki

Ni mchanganyiko wa mafuta ya kawaida na sintetiki, mara nyingi 10W-40 au 10W-30, na bei yake iko katikati. Galoni haikwambii sintetiki imo kwa kiasi gani, kwa hiyo usiipe muda wa sintetiki kamili. Kilomita 6,000 hadi 7,000 zatosha. Kwa gari la umri wa kati lisilo na tabo, si uamuzi mbaya hata kidogo.

Yanayosemwa vijiweni

“Sintetiki huvujisha.” Zamani, sintetiki za kwanza za miaka ya 1970 zilikuwa na shida na sili. Za leo hazina. Kinachotokea ni kwamba gari kuukuu lenye tope huoshwa, na ufa uliokuwa umezibwa na uchafu ukafunguka. Sili ilikuwa imekufa tangu awali.

“Ukishatia sintetiki huwezi kurudi.” Unaweza. Na ukipungukiwa njiani unaweza kuongezea ya kawaida juu ya sintetiki, maana viwango vya API vinataka oili ziweze kuchanganyika. Utakachopoteza ni ule muda mrefu: baada ya kuchanganya, hesabu kama umetia ya kawaida.

“Angalia kijiti ukizima tu.” Hapana. Simamisha gari pahali tambarare, zima, ngoja dakika 10 oili ishuke, futa kijiti kwa kitambaa kikavu, kirudishe mpaka mwisho, ndipo usome. Kati ya alama mbili kunatosha. Kujaza kupita alama ya juu ni madhara, oili hupigwa ikawa povu na povu halilainishi chuma. Injini ya Probox ya 1.5 huchukua kama lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 haimiminwi yote, ingawa fundi mwenye haraka atakwambia “tia tu iishe.”

Na oili chafu isimwagwe mchangani wala mtaroni. Bahari iko karibu sana nasi, na hifadhi ya bahari ya Malindi imetunzwa tangu 1968 kwa faida ya wavuvi na wageni pia. Mimina kwenye dumu, funga, mwachie fundi mwenye mnunuzi wa oili chafu.

Gari lako ni lipi?

Probox au Noah ya abiria, Malindi na Mombasa kila siku, injini nzima: sintetiki 5W-30, kila kilomita 10,000, ukiandika kilomita za sevisi kwenye kikaratasi na kukibandika karibu na usukani. Kama unajijua huandiki na huwa unasahau, au gari liko mikononi mwa dereva usiyemwamini kuangalia kijiti, chukua ya kawaida ya gredi hiyo hiyo kila 5,000. Ratiba fupi inalinda zaidi pale ambapo hakuna wa kukagua.

Gari la watalii la kuingia Tsavo kwa lango la Sala, dizeli yenye tabo: sintetiki au nusu-sintetiki yenye herufi za dizeli, CI-4 au mpya zaidi, kila 5,000, na filta ya hewa ipigwe upepo au ibadilishwe mara nyingi kuliko oili. Bajeti ikibana, punguza kwenye oili kabla ya kupunguza kwenye filta.

Pikapu kongwe ya kubeba matofali, chumvi ya Gongoni au maembe: ya kawaida 15W-40 au 20W-50 kama kitabu kinavyosema, kila 5,000 au chini ya hapo mizigo ikizidi.

Gari lililotoka bandarini hivi karibuni, historia yake huijui: tia ya kawaida ya gredi sahihi, imwage baada ya kilomita 2,000 au 3,000, tazama kilichotoka, kisha uamue. Kama juu ya vali kuna rangi ya asali, hamia sintetiki bila wasiwasi. Kama kuna tope, rudia ya kawaida kwa muda mfupi mara moja au mbili tena, uchafu utoke pole pole usizibe kichujio cha pampu.

Aqua na haibridi nyingine: sintetiki 0W-20. Injini yake huzima na kuwaka njia nzima, na kila inapowaka inahitaji oili ifike juu upesi.

Gari la nyumbani linalotoka Ijumaa kwenda msikitini na Jumapili kwenda Watamu: yoyote kati ya hizo mbili, ila oili ibadilishwe kwa kalenda. Mara moja moja lipeleke hadi Kilifi na kurudi, injini ipate moto wa kutosha na unyevu uliomo ndani uvukize.

Wewe mwenye nyumba Amu, kisiwani Lamu, ambako punda ndiye mwenye njia, gari lako likilala Mokowe upande wa bara wiki nzima au mwezi: sintetiki ina nafuu kidogo kwako, kwa sababu huhimili kukaa na hupanda haraka unapowasha baada ya kimya kirefu. Ibadilishe mwaka ukitimia hata kama umefika Malindi mara chache tu, na safari ni zaidi ya kilomita 200, basi kagua kijiti kabla ya kutoka kwenye maegesho.

Na mwenye tuktuk au bodaboda asichukue galoni yoyote kati ya hizi. Klachi yake inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili za magari, hasa nyepesi, zina viungo vya utelezi vinavyoifanya klachi iteleze. Tafuta oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, mara nyingi 20W-50, iwe ya kawaida au sintetiki kadiri ya mfuko wako.